EXE imefika megabaiti 11: nikate wapi?

Swali limetoka Amu, kwa kijana anayetunza programu ya ushirika wa wavuvi. Nalifupisha hivi:

"Shikamoo mwalimu. Programu yetu ya kupokea samaki na kuwalipa wavuvi nimeiandika kwa Harbour, lugha iliyomrithi Clipper wa enzi za DOS, naikompaili kwa MinGW, kompaila ya C, kwenye Windows, data ni majedwali ya DBF na index za CDX za kuyapanga. Miaka miwili nyuma EXE, yaani faili la programu lenyewe, ilikuwa megabaiti 1.9. Leo ni 11.6, na sioni kama nimeongeza kazi ya kiasi hicho. Nikirekebisha kitu lazima kifike Faza na Kizingitini, na huko mtandao unasuasua. Kulituma faili ni kukesha nalo, na bando hukatika njiani. Mara nyingi nampa nahodha flashi. Makarani nao wanalalamika kwamba programu inachelewa kufunguka, kompyuta zao ni za zamani. Rafiki yangu ameniambia niifinye kwa UPX, chombo cha kufinya EXE, na nikompaili kwa -l, inayoondoa nambari za mistari, basi yamekwisha. Nifanye hivyo?"

Marahaba mwanangu, poleni na kazi. Nikupe jibu la haraka kwanza: -l usiiguse, na UPX iweke kando mpaka tumalize mengine. Nimeufungua mradi ulioniambatanishia, nikausoma jioni mbili hapa Malindi. EXE yako imeneneshwa na vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachomsaidia karani kupima pweza. Ukivitoa utarudi chini ya megabaiti 3 bila kufinya chochote. Kisha ipo njia ya kufanya kile unachompa nahodha kiwe kidogo kuliko hata EXE yako ya mwanzo. Hiyo ndiyo ninayoitaka sana uifuate, lakini haitafaa kitu kama hukusafisha kwanza.

Umeniandikia kwamba linka, ile inayounga vipande vyote kuwa EXE, "inajaza takataka". Hapo ndipo ulipopotea. Linka haiongezi kitu kwa hiari yake. Inapewa majina yanayoitwa na programu yako, inakwenda kutafuta wenye majina hayo, basi. Kila kilichomo ndani ya EXE kimeitwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni wewe. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani amemwita nani, na swali hilo lina jibu lililoandikwa, mstari kwa mstari.

Kuna tofauti moja inayowapita wengi. Faili la PRG, yaani la msimbo wako wa Harbour, uliloliorodhesha kwenye mradi huingia lote, liwe linatumika au halitumiki. Umelitaja kwa jina, linka haina ruhusa ya kuliacha. Maktaba ni jambo jingine. Maktaba ni kama ghala lenye makasha yaliyofungwa: linka hufungua kasha pale tu jina fulani linapokosa mwenyewe na jina hilo likapatikana ndani yake. Lakini kasha likichukuliwa huchukuliwa zima, na vilivyomo navyo vina majina vinavyoyataka, yaliyo katika makasha mengine. Ni kama mwaliko wa harusi ya kwetu pwani. Kadi ina jina la mtu mmoja, mlangoni wanateremka watu wa nyumba nzima, na kila mmoja ana jirani aliyemshika mkono.

Msimbo wako mwenyewe, katika megabaiti zote hizo, ni sehemu ndogo mno. Harbour, kama Clipper kabla yake, haiibadilishi PRG moja kwa moja kuwa amri za prosesa. Inaigeuza kuwa amri fupi fupi za mashine yake ya ndani, zikahifadhiwa kama baiti ndani ya faili la C, na MinGW ikaliunga. Ndiyo maana mistari elfu ya PRG haina uzito wa kutisha. Nimeona umeanza kufupisha majina ya lokali na kufuta maelezo kwenye msimbo ili kupunguza ukubwa. Tafadhali yarudishe. Maelezo hayafiki kwenye EXE hata herufi moja, na majina ya lokali hayaingii ukikompaili bila dibagi. Umejipokonya uwezo wa kuusoma msimbo wako kwa faida ya sifuri.

Sasa ramani. Ongeza -map kwenye .hbp yako, lile faili la mradi, kisha kompaili. Utapata faili la maandishi lenye kiendelezi .map. Ni refu, usiogope. Kwa MinGW, sehemu ya mwanzo kabisa ndiyo ya dhahabu: kila kipande kilichotolewa kwenye maktaba kimeandikwa, na karibu yake kipande kilichokiita, pamoja na jina lililosababisha. Fanksheni za Harbour utazitambua kwa HB_FUN_ mbele ya jina. Kwenye ramani yako nilikuta libhbcurl.a, aliyeiita ni ripoti.o, na jina ni HB_FUN_CURL_EASY_INIT. Chini ya hapo ikafuata curl yenyewe, maktaba ya kutuma vitu mtandaoni, kisha OpenSSL, ile ya kuvificha njiani, ukurasa baada ya ukurasa. Nikarudi kwenye ripoti.prg kutafuta. Nikaikuta TumaBarua(), fanksheni ya kutuma ripoti kwa barua pepe.

Nikatafuta anayeiita TumaBarua(). Hakuna. Uliiondoa kwenye menyu zamani, ukaacha fanksheni ikiwa imekaa katikati ya ripoti.prg, baina ya jumla ya siku na orodha ya vyombo.

Huenda utaniuliza: kama hakuna anayeiita, kwa nini imeingia? Kwa sababu kila PRG ya Harbour ikikompailiwa hubeba jedwali moja la majina: fanksheni zote zilizomo na fanksheni zote zinazoitwa kutoka humo. Jedwali hilo ni la faili zima, halina habari ya nani kafa na nani yu hai. TumaBarua() imo ndani ya jedwali, CURL_EASY_INIT imo ndani ya jedwali, na linka inaliheshimu jedwali. Wataalamu wa C watakushauri -ffunction-sections pamoja na --gc-sections, zinazomwezesha linka kutupa fanksheni moja moja zisizofikiwa. Kwa msimbo wa C ni ushauri mzuri. Kwa PRG hautakusaidia, maana jedwali linazishika zote mkono. Katika lugha hii faili la PRG ndilo kipimo: linaingia lote au linabaki lote.

Basi itoe TumaBarua() kwenye ripoti.prg, iweke kwenye faili lake peke yake, na faili hilo usilitaje kwenye mradi. Siku ushirika utakapotaka barua pepe utalirudisha kwa mstari mmoja. Kwa hatua hiyo tu curl na OpenSSL zote zinaondoka, na hicho, cha kwanza kati ya vile vinne, ndicho kikubwa kuliko vyote ulivyokuwa ukibeba.

Na ukiwa huko, tazama zana.prg, lile lenye fanksheni zako ndogo ndogo za tarehe, za kuandika pesa kwa maneno, za kuchapisha risiti. Programu zako zote tatu, ya mapokezi, ya malipo na ya ripoti, zinalibeba zima. Ligawe, kila fanksheni na faili lake, kisha uyakompaili yote kuwa maktaba kwa hbmk2 -hblib, hbmk2 ikiwa ile amri ya Harbour ya kujengea miradi. Hapo kila programu itachukua makasha inayoyataka tu. Angalia jambo moja: fanksheni zinazoshirikiana STATIC iliyo juu ya faili haziwezi kutenganishwa, kwa kuwa STATIC hiyo haionekani nje ya faili lake. Zako za risiti zinashirikiana nambari ya risiti kwa njia hiyo. Ziache pamoja.

Cha pili ni mstari ulio juu kabisa ya main.prg: #include "hbextern.ch". Mstari huo unaita kila fanksheni ya msingi ya Harbour, uitumie usiitumie. Najua kwa nini uliuweka. Ulipata kosa la BASE/1001, la fanksheni isiyojulikana, wakati programu inaendelea, ukaambiwa weka huu litaondoka, nalo likaondoka. Utoe, lakini kwa uangalifu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe paliniuma.

Nilikuwa natunza programu ya mauzo na madeni ya duka moja la jumla hapa Malindi. Nikaamua kuipunguza. Nikatoa ule mwito wa jumla, nikakompaili, hakuna onyo hata moja, EXE ikapungua, nikaijaribu nyumbani kwa data ndogo, ikaenda vizuri. Nikaipeleka. Ilikuwa Ramadhani, saa mbili na nusu usiku, watu wametoka taraweh na duka limejaa, simu ikalia. Kila wakifungua orodha ya madeni programu inaanguka. Nilipofika nikakuta BASE/1001, fanksheni DESCEND haijulikani. Msimbo wangu haukuwa na neno DESCEND popote. Lilikuwa wapi? Ndani ya faili la index. Orodha ile ilipangwa deni jipya juu, na ufunguo wake ulikuwa DESCEND(DTOS(TAREHE)). Index yenyewe haikutengenezwa na programu ya mauzo. Niliitengeneza kwa programu nyingine ndogo ya matengenezo niliyokuwa nikiiendesha mwenyewe. Ufunguo huhifadhiwa ndani ya index kama maandishi matupu, na programu ikifungua index huyatafsiri maandishi hayo papo hapo. Linka inasoma majina yaliyokompailiwa. Maandishi yaliyomo ndani ya data haiyaoni na haiwezi kuyaona. Usiku ule tuliandika madeni kwenye daftari, mimi na vijana wa dukani, mpaka saa sita, na asubuhi nikarudi na mstari mmoja tu: REQUEST DESCEND.

REQUEST ndiyo dawa. Inamwambia linka: jina hili hulioni, lakini litahitajika, lichukue. Wa enzi za Clipper Summer '87 waliliandika EXTERNAL, kazi ni ile ile. Kabla hujaitoa hbextern.ch pita sehemu hizi. Tafuta alama ya & katika PRG zote, kila palipo na & pana maandishi yanayogeuzwa kuwa msimbo. Fungua kila index kwa programu ndogo ya majaribio na uchapishe OrdKey() ya kila tagi, uandike fanksheni zilizomo. Tazama filta unazozihifadhi kama maandishi. Na kwako wewe kuna pa hatari zaidi: MENYU.DBF. Umeweka majina ya fanksheni kwenye sehemu ya KAZI, karani akichagua, programu inayaita kwa &. Leo zinafanya kazi kwa sababu PRG zake zimetajwa kwenye mradi. Ukizihamishia kwenye maktaba kama nilivyokushauri hapo juu, linka haitaona anayeziita na itaziacha ghalani. Kwa hiyo fanksheni yoyote inayoitwa kutoka MENYU.DBF iwe na REQUEST yake juu ya main.prg. Nimezihesabu katika nakala uliyonitumia, ni 17. Usizipunguze hata moja kwa kudhani.

Baada ya hapo jaribu kwa data halisi ya ushirika, nakala yake, na index zake zile zile za Kizingitini. Ijaribu menyu yote, kila mlango. Data ndogo ya nyumbani ndiyo iliyonidanganya.

Cha tatu ni picha. Ile picha ya jahazi lililotanda tanga mbele ya gati ya Amu ni nzuri, sikuambii uitoe. Lakini umeiweka ndani ya faili la .rc kama BMP ya 1366 kwa 768, rangi za biti 24. Fanya hesabu: kila nukta ni baiti 3, jumla ni baiti 3,147,264. Megabaiti 3 kwa picha inayoonekana sekunde mbili. Ihifadhi kama JPG yenye upana wa 800 hivi, iweke nje ya EXE kwenye folda ya programu, na kama faili halipo programu ifunguke bila picha. Ikoni nayo itazame: ya 256 kwa 256 isiyofinywa ina kilobaiti 256 peke yake, na umeziweka nne.

Cha nne ni rahisi. MinGW huacha ndani ya EXE majina na taarifa za dibagi za upande wa C, ambazo Windows haizihitaji kuendesha programu. Ongeza -strip kwenye .hbp. Kisha hakikisha hukuacha -b, ile ya dibagi, mahali, wala -gc3. Hiyo ya mwisho inaiambia Harbour iandike C halisi badala ya amri fupi, na EXE huvimba. Ile -gc0, ambayo ndiyo kawaida yake, inatosha kabisa kwa kazi ya kusoma DBF na kuandika risiti. Kwako nimekuta -b imebaki. Itoe, lakini weka nyumbani nakala moja ambayo haikufanyiwa -strip pamoja na ramani yake, kwa kila toleo unalolitoa.

Watu huchanganya -strip na -l, naona na rafiki yako pia. -strip inaondoa taarifa za C ambazo karani hazioni. -l inaondoa nambari za mistari ya PRG yako. Faida yake ni baiti chache kwa kila mstari wa msimbo, huenda kilobaiti kadhaa kwa programu nzima. Hasara yake utaiona siku karani wa Kizingitini atakapokupigia simu, mzani una kamba mawe na wavuvi wamesimama. Leo anakusomea kwenye skrini: MALIPO, kwenye mabano 214. Unafungua mstari wa 214 na tatizo unaliona. Ukikompaili kwa -l atakusomea MALIPO, kwenye mabano sifuri. Utamfanyaje? Wewe uko Amu, yeye yuko Pate, na boti inasubiri maji yajae kupita Mkanda. Kilobaiti hizo ziache zikae, zinakulinda.

Sasa UPX. Ni chombo kizuri na kimetengenezwa kwa ustadi, sina neno nacho. Kinalifinya faili na kuweka mbele yake msimbo mdogo wa kulifungua likiitwa. Lakini fikiria shida zako mbili. Ya kwanza ni kutuma. EXE iliyofinywa kwa UPX na EXE ya kawaida iliyofungwa kwa 7z zinakaribiana ukubwa, na iliyopita UPX ukiifunga tena kwa 7z haipungui cha maana. Basi ifunge kwa 7z, itume, ifunguliwe kule. Ya pili ni kuchelewa kufunguka kwenye kompyuta za zamani, na hapo UPX huenda ikakuzidishia. Windows haipakii EXE nzima kwenye memori kwa mara moja. Inachukua kurasa zinazoguswa, nyingine zinabaki kwenye diski mpaka zihitajike. EXE iliyofinywa haina nafasi hiyo, lazima yote ifunguliwe kwenye memori kwanza. Na zaidi ya hayo, programu za antivairasi huzitilia shaka EXE zilizofinywa, kwa kuwa watu wabaya nao hutumia njia hiyo kuficha vyao. EXE ikiondolewa na antivairasi alfajiri huko Faza, karani hajui hata pa kuitafuta.

Sisi wa zamani tulifinya kwa sababu nyingine. DOS ilitupa kilobaiti 640, na humo lazima vikae mfumo, programu na data. Programu tupu ya Clipper ilikuwa inapita kilobaiti 100 kabla hujaandika kazi yoyote. Tulikata programu vipande vinavyopishana kwenye nafasi moja ya memori, kwa linka ya PLINK86, baadaye RTLink na Blinker, na kila kilobaiti tuliipigania. Ushauri mwingi unaousikia leo umetoka siku zile, na umebaki vinywani ingawa shida yenyewe imekwisha. Lakini jambo moja la siku zile linakufaa wewe leo. RTLink iliyokuja na Clipper 5 iliweza kutenga ile sehemu ya Clipper yenyewe kuwa faili moja la PLL, na programu zako zote zikalitumia kwa pamoja. Diski ya kwanza ilibeba PLL, zilizofuata zikabeba EXE ndogo tu.

Harbour ina jambo hilo hilo. Kompaili kwa -shared, na msingi wote wa Harbour, mashine yake ya ndani, DBF, CDX na mengine, unabaki kwenye DLL moja. EXE zako tatu zinabaki na msimbo wako na zile maktaba za ziada ulizoziita, ambazo hizo bado huingia ndani ya EXE. Ndiyo maana nikakwambia usafishe kwanza: ungefanya -shared bila kuitoa TumaBarua(), curl na OpenSSL zingebaki palepale. Ukishasafisha, kila EXE itakuwa kilobaiti mia kadhaa. Hiyo inatumika kwa WhatsApp hata Kizingitini, hata ikiwa bando limebaki kidogo.

Mpango wenyewe uwe huu. Safari ya kwanza mpe nahodha flashi yenye DLL, EXE zote tatu na picha ya jahazi, iende Mtangawanda, Faza na Kizingitini. DLL ikae folda moja na EXE, usiitupe kwenye folda ya Windows. Tangu hapo tuma EXE peke yake. DLL na EXE lazima zitoke kwenye Harbour ile ile. Ukibadilisha toleo la Harbour kwenye kompyuta yako, kompaili EXE zote tatu upya na uzipeleke pamoja na DLL mpya. Mtu akichanganya, programu itakataa kufunguka au, vibaya zaidi, itafunguka na kufanya mambo yasiyoeleweka. Andika toleo la Harbour kwenye skrini ya kwanza ya programu kwa fanksheni ya Version(), ili karani aweze kukusomea. REQUEST zako zote ziache kama zilivyo, -shared haiziondolei kazi.

Nimalizie na kule kuchelewa kufunguka, kwa sababu sidhani ni ukubwa peke yake. Katika barua yako ya pili umegusia kwamba Faza kompyuta mbili zinafungua EXE iliyo kwenye folda ya kompyuta ya tatu, kupitia waya. Hapo kila ukurasa wa EXE unapitia waya huo, na siku waya ukitikisika programu inaanguka katikati ya kazi. Nakili EXE na DLL kwenye diski ya kila kompyuta, folda ya data peke yake ndiyo ibaki ya pamoja. Programu ikifunguka ilinganishe toleo lake na lile lililoandikwa kwenye jedwali dogo la data, na kama limepitwa imwambie karani anakili jipya. Fanya hili hata kabla ya hayo mengine, ni kazi ya nusu saa. Ukimaliza kusafisha, nitumie ramani ya pili, sehemu ile ya mwanzo tu, nitaisoma.